Mji Ulioitwa kwa Mshono

Mzee alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na gunia la mahindi limesimama mbele yake kama mtoto anayesubiri kunyolewa. Mkononi alishika shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia, ncha yake imepinda kidogo na kung'aa kwa miaka ya kupita kwenye nyuzi. Uzi wake ulikuwa kamba ya manila iliyochambuliwa, ya rangi ya samawati. Alikunja mdomo wa gunia mara mbili, akachoma, akavuta, akakaza kwa goti, akachoma tena; na kila baada ya mishono mitatu alipitisha kidole gumba juu ya mstari kama kipofu asomaye. Pembeni aliacha masikio mawili, ili wapakiaji wapate pa kushika. Macho yake hayakuwa kwenye kazi hata kidogo. Yalikuwa barabarani, kwenye mabasi yanayoteremka kutoka Dodoma na malori yanayopanda kutoka Morogoro. Vidole ndivyo vilivyokuwa vikitazama gunia kwa niaba yake.

Nilikuwa nasubiri gari la Kilosa. Dumila ndipo njia ya Kilosa inapochepuka kutoka barabara kuu, na anayesubiri hapo hana budi kutazama, maana hakuna kinachotulia. Basi likipunguza mwendo tu, kina mama na vijana wanalikimbilia na ndoo za nyanya, mahindi ya kuchoma, matango, mafungu ya bamia, na madirisha yanafunguka kwa pamoja. Mikono inatoka, fedha zinashuka, mifuko inapanda. Nikasikia abiria mmoja akiita kutoka juu, "Wewe nyanya! Nyanya, njoo!" Na mama wa watu, mwenye jina alilopewa na wazazi wake na jina la wanawe juu yake, akageuka na kuitika. Hakukasirika. Kwa muda wa dakika mbili ambazo basi lilisimama, jina lake lilikuwa Nyanya, kisha basi likaondoka na jina lile likaenda nalo.

Hapo ndipo Rhapta iliponijia, na haijaniacha tangu siku ile.

Katikati ya karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika Kigiriki alitunga mwongozo wa safari za bahari, nao umetufikia kwa jina la Periplus ya Bahari ya Eritrea. Jina lake mwenyewe hakulitia. Alikuwa mtu wa hesabu, mtu wa kujua bandari ipi ina maji ya kina na ipi ina mkuu mgumu, wapi yauzwe mavazi na wapi zinunuliwe pembe. Akashuka kwa maandishi yake pwani yetu yote, aliyoiita Azania, hadi akafika kwenye soko la mwisho, ambalo kwake ndilo lililokuwa ukingo wa dunia ya biashara. Soko hilo akaliita Rhapta. Na akaeleza kwa nini: kwa sababu ya majahazi yake ya kushonwa. Neno la Kigiriki la kushona ndilo lililozaa jina hilo. Mji wetu wa kwanza kuandikwa na mgeni, mji uliokuwa na watu wenye miili mikubwa, kila mahali pana mkuu wake, pembe za ndovu tele, pembe za vifaru na magamba ya kasa, aliuandika kwa kile alichokiona kutoka chomboni. Wewe Mshono! Mshono, njoo!

Nimesikia watu wakiulizana, kwa tamaa ninayoielewa, kama Wagiriki wa kale waliwahi kujenga mji katika pwani hii. Wanatamani nguzo. Wanatamani tuwe na kitu kama Kirene ya Libya, ambako wahamiaji kutoka kisiwa cha Thera walijenga mahekalu na sanamu zao, na mawe yake yakasimama mpaka leo. Kwetu hawakujenga. Walikuja kununua wakaondoka, na hata wao hawakuwa ndio waliokuwa na usemi: kitabu kilekile kinasema kwamba Rhapta ilikuwa chini ya mkuu wa upande wa Yemen, na kwamba watu wa bandari ya Muza ndio waliotoza ushuru na kuleta vyombo, manahodha wao na mawakala wao wengi wakiwa Waarabu waliowajua wenyeji, waliooa kwao, walioijua pwani na lugha yake. Kwa hiyo anayetafuta koloni la Wagiriki katika Tanzania atatafuta sana. Kilichobaki cha Wagiriki hapa ni neno moja. Lakini neno hilo lina uzito kuliko nguzo nyingi nilizoziona pichani, kwa sababu nguzo ingetueleza habari za mikono yao, na neno hili linatueleza habari za mikono yetu.

Wanaokumbuka mtepe watanielewa haraka. Mbao zilitobolewa ukingoni, zikashikanishwa ubao kwa ubao kwa kamba za usumba wa nazi, zikazibwa, zikapandishiwa tanga la mkeka. Hapakuwa na msumari. Mtu aliyezoea meli ya misumari huona huo ni upungufu, na kumbe ni maarifa: chombo kilichoshonwa kina mnyumbuliko, kikipanda mchanga au kikigusa mwamba hujikunja kidogo kisha hurudi, mahali ambapo mbao zilizogongomewa zingepasuka. Huko visiwa vya Lamu mitepe iliendelea kuundwa hadi mwanzoni mwa karne ya 20, zaidi ya miaka 1,800 tangu yule mfanyabiashara aweke kalamu chini. Hebu mtu apime urefu huo. Falme ngapi zimeanguka kati ya hapo? Roma yenyewe ilianguka. Mshono haukukatika. Mwaka 2003 ulijengwa mtepe wa mfano, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, Unguja, na Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo la mawe na saruji ikaporomoka. Nilipoziona picha za ule ukuta uliomwagika chini, nilihuzunika kama kila mtu, na wakati huohuo nikawaza kwamba labda tumekuwa tukiweka imani yetu kwenye kitu kisicho sahihi.

Turudi kwenye kitabu, maana kuna mambo mawili madogo ndani yake nisiyoweza kuyapita. La kwanza ni la kisiwa alichokiita Menuthias, mwendo wa siku mbili kabla ya kufika Rhapta. Huko aliona mitumbwi ya gogo moja na vyombo vya kushonwa, akaona watu wakivua kasa, na akaona wanatega samaki kwa vikapu badala ya nyavu, wakivitandaza kwenye midomo ya mikondo ya maji. Mtu wa Mafia au wa Pemba akisoma hapo hahitaji mfasiri. Hayo ni madema. Bado yanasukwa, bado yanazamishwa kwa jiwe, bado yanainuliwa asubuhi na maji yakichuruzika kwenye matundu yake. Mgiriki alilishangaa dema, akaliandika, akafa, mji wa Aleksandria huko Misri ukachomwa na kujengwa mara nyingi, na dema liko palepale.

La pili ni orodha ya mizigo. Waliokwenda Rhapta walipeleka mikuki iliyofuliwa Muza makusudi kwa soko hilo, vishoka, visu, misharasi, na vito vya kioo vya aina kadhaa. Msharasi ni kitu kidogo cha kutobolea. Sina ushahidi wa mawazo yangu hapa, ila kila nikifika kwenye neno hilo naona tundu likitobolewa na kamba ikipita. Kisha anaongeza kwamba katika sehemu nyingine walichukua divai na ngano kidogo, si ya kuuza, bali ya kuwakirimu wenyeji ili wapendeke kwao. Mkono mtupu haulambwi. Nafurahi kila ninaposoma hapo, kwa sababu hapo ndipo mfanyabiashara anapokiri, bila kukusudia, kwamba watu hawa hawakuwa wa kuamriwa. Walikuwa watu wa kubembelezwa.

Wanaakiolojia wameutafuta mji huo Pangani, wameutafuta pwani ya Dar es Salaam, wameutafuta delta ya Rufiji. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba huko Rufiji, mahali panapoitwa Mkukutu, akapata shanga za kioo alizozitambua kuwa za zama za Warumi, na mwaka 1999 akazichapisha kama kiungo cha uhakika kati ya pwani yetu na kile kitabu. Shanga! Ukiziweka zote kiganjani, nafasi inabaki. Kilwa Kisiwani ina msikiti wake mkuu na Husuni Kubwa, Kaole ina makaburi yenye minara, Gedi ina mitaa mizima ndani ya msitu, na zote ni za karne nyingi baadaye, za watu waliojenga kwa matumbawe na chokaa. Rhapta huenda ilijengwa kwa miti, udongo na makuti, kama nyumba nyingi walimozaliwa wasomaji wa ukurasa huu, na nyumba za namna hiyo hazitaki kudumu. Zinataka kukaliwa. Mwenye nyumba akifa, mvua ya misimu mitatu inatosha.

Ptolemy wa Aleksandria, aliyeandika karne ya pili, anasema Rhapta ulikuwa mji mkuu, umeingia kidogo ndani kutoka baharini, karibu na mto wenye jina hilohilo. Mto. Nilipofika Dumila siku ile nilikuwa nimevuka daraja la Mkundi, na maji yalikuwa machache, ya kahawia, yakijipenyeza katikati ya mchanga mwingi. Maji hayo hayaishii hapo. Yanaingia Wami, na Wami inakwenda mpaka Bahari ya Hindi, kati ya Saadani na Bagamoyo. Kila kiganja cha udongo kinachoporomoka kwenye milima ya Ukaguru na Nguu kimeshaanza safari ya kwenda pwani ya Azania. Januari 2014 mto Mkundi ulisahau adabu. Ulikata barabara ya Morogoro na Dodoma hapa Dumila, ukazamisha nyumba za Magole na Mateteni, na maelfu ya watu wakalala nje. Maji yalipokwisha kupungua ulibaki mchanga, mchanga juu ya mashamba, mchanga ndani ya vyumba, milango imezikwa hadi magotini.

Ndivyo mji unavyopotea. Tumezoea kufikiri kwamba mji uliopotea ulipatwa na jambo kubwa, vita, tauni, laana ya mzee fulani, na mara nyingi ni tope tu. Mto unahama hatua mia, mkondo wa bandari unajaa, majahazi yanatafuta pengine pa kutia nanga, na vijana wanayafuata majahazi. Wazee wanabaki. Kisha wazee nao hawapo. Juu ya makaburi inaota mikoko. Dumila wanaijua habari hiyo kwa miguu yao, maana wameifukua kwa majembe, wakatoa sufuria, vitabu vya shule, kitanda. Aliyefukua kitanda chake mwenyewe kutoka kwenye mchanga hahitaji kuelezwa kwamba Rhapta haikuwa hadithi.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia nilipochoka kusimama.

"Marahaba, mwanangu. Unasubiri ya Kilosa? Itakuja. Kaa hapo kivulini."

Nikakaa. Nikamwuliza alijifunza wapi kushona namna ile, mshono ulionyooka bila kutazamwa. Akacheka kidogo, kisha akasema alikuwa mkongeni, upande wa Kimamba, enzi za ujana wake. "Wakati huo gunia lenyewe la katani na uzi wa katani," akasema, akiinua ile manila ya samawati kwa kidole kimoja kama mtu anayeonyesha kitu kilichookotwa. "Katani ilikuwa inashika. Hii inateleza. Lazima uifunge mara mbili."

Sikumwambia, ila alikuwa amenifikisha kwa Wagiriki kwa mara ya pili. Maana Wagiriki walirudi. Baada ya karne nyingi za kimya walirudi katika nchi hii, safari hii kwa reli, wengine wakiwa wakandarasi wadogo na mafundi wa njia ya kati iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Na baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mashamba ya Wajerumani yalipopigwa mnada, wapo walionunua na kulima mkonge, Kilosa na Kimamba pakiwamo. Mkonge wenyewe ni mgeni. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida, miche elfu moja, ikasalimika 62, na kutoka kwenye hiyo 62 nchi ikajaa. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za katani. Nyuma ya kila tani walikuwapo manamba, watu walioandikishwa kutoka mbali, Wanyamwezi, Waha, Wabena na wengineo, wakaacha majina yao getini na kupewa namba. Na neno lenyewe, manamba, linalibeba jambo hilo bila kulificha. Kuitwa Nyanya kwa dakika mbili ni utani wa barabarani. Kuitwa kwa namba msimu mzima ni jambo jingine.

Kisha ikaja kamba ya plastiki kutoka viwanda vya ng'ambo, bei ya katani ikaanguka, na mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa. Wagiriki wengi wakaondoka. Nimeyaona magofu yao kwenye njia ya Rudewa, kama magofu ni neno lake: sakafu ya saruji ya baraza pana, ngazi tatu zinazopanda kwenda pasipo nyumba, mwembe mkubwa uliopandwa kwa mstari na wenzake ambao hawapo. Juu ya ile sakafu mama mmoja alikuwa ameanika mahindi. Alikuwa akiyageuza kwa mguu mtupu, mbele na nyuma, akichora mistari, na hakuna kitu katika baraza lile kilichokuwa hai kuliko mistari ile. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno.

Na wametuachia jina pia, ila safari hii mdomo ulikuwa wetu. Tajiri mmoja wa mkonge, Mgiriki George Arnautoglu, alitoa fedha ukajengwa ukumbi Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, na watu wa mji wakalitafuna jina lake mpaka likawa laini, wakauita Anatoglo. Hakuna mzee wa Kariakoo asiyeijua Anatoglo. Waulize wangapi wanajua Arnautoglu alikuwa nani, wachache. Wagiriki waliukuta mji wetu wakauita kwa lugha yao, nasi tukalikuta jina la Mgiriki tukaliita kwa ulimi wetu. Miaka 1,900 kati ya hayo mawili, na bado naona ni mazungumzo yaleyale ya dirishani: anayepita anaita anachokiona, anayebaki anaitika au anageuza jina liingie kinywani mwake.

Kinachoniuma ni kimoja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la Rhapta liliandikwa na mteja. Tunajua kutoka kwa wageni pepo zilivyovuma: Ptolemy anamtaja Theophilus aliyetoka Rhapta akasukumwa na upepo wa kusini hadi pembe ya Afrika kwa siku 20, na Diogenes aliyetupwa huku chini na upepo wa kaskazini kwa siku 25. Kusi na kaskazi, sisi tunazo, hatukuzipata kwao. Tunajua mizigo iliyopelekwa, tunajua zawadi za ngano. Hatukuachiwa neno moja lililotoka kinywani mwa aliyekuwa akishona. Mji huo ulikuwa na jina. Wanawake waliliita jioni watoto wao walipochelewa ufukweni, wasafiri walilitaja walipoulizwa kwao ni wapi, mtu alilitamka akiwa na homa mbali na nyumbani. Jina hilo limezama kabisa. Hata hivyo, kila ninapojaribu kulililia nakumbuka kwamba mgeni yule, kati ya vyote alivyoweza kuvichagua, urefu wa watu, wingi wa ndovu, uchache wa mvinyo, alichagua kazi. Hakuuita Mji wa Pembe. Alitazama chombo kilichotengenezwa na mtu aliyejua alichokuwa akifanya, na ustadi ule ukamshinda, akauvisha mji mzima.

Natamani watoto wa Dumila wapelekwe Kilwa, waione. Natamani pia, kabla ya Kilwa, wakalishwe nusu saa mbele ya mtu anayeshona gunia na waambiwe watazame vidole, kwa makini, kama wanavyotazama mpira. Waambiwe kwamba zamani sana mtu wa mbali alisimama akatazama vidole vya namna hiyo, akaona vinastahili kuandikwa. Sidhani kama kuna somo la historia linaloweza kumweka mtoto karibu zaidi na Rhapta kuliko hilo, hata akipewa meli na wapiga mbizi.

Gari la Kilosa likatokea upande wa daraja, limeinama kwa mizigo, utingo ananing'inia mlangoni akipiga bati. Mzee alikuwa amefika mwisho wa mdomo wa gunia. Akapitisha shazia chini ya mshono wa mwisho, akavuta, akapitisha tena mahali palepale, kwa sababu manila inateleza. Akainama, akauleta uzi mdomoni na kuukata kwa meno ya pembeni. Vijana wawili wakaja, wakashika masikio, wakahesabu hadi tatu, na gunia likapanda juu ya lori la Dar es Salaam. Mzee akageuza mkono wake, akafuta shazia kwenye suruali, akaichomeka kwenye kola ya shati, akalivuta gunia jingine.

"Mwanangu, gari," akaniambia, bila kuinua macho.